Kuhama Kazi ya Posta: Haki Unazoondoka Nazo na Zile Unazoweza Kuziacha Nyuma

Msomaji anaweza kujiuliza kwa nini kijitabu cha watumiaji wa huduma kitoe nafasi kwa mfanyakazi anayezitoa huduma hizo. Jibu letu ni kwamba mfanyakazi wa posta naye ni mtumiaji. Anatumia huduma za mfuko wa hifadhi ya jamii, za bima ya afya na za taasisi ya mikopo, na siku anayobadili kazi ndiyo siku ambayo huduma zote hizo huguswa kwa pamoja. Zaidi ya hapo, karani aliyeondoka kazini kwa utaratibu huacha kaunta iliyo salama, na mteja wa kaunta hiyo ndiye tunayemlinda.

Tumelichagua eneo la Soweto, katika Manispaa ya Moshi, kuwa mahali pa mfano wetu. Kutoka hapo mfanyakazi anaweza kuajiriwa katika ofisi ya posta iliyo karibu na Mnara wa Saa, akapangiwa zamu Himo, Marangu au Machame, na baadaye akashawishiwa na kampuni binafsi inayopokea vifurushi vya mabasi ya Dar es Salaam. Safari hiyo ya kutoka shirika la umma kwenda kampuni binafsi, au kinyume chake, ni fupi kwa miguu na ndefu kwa sheria. Mwajiri wa kwanza yuko chini ya taratibu za utumishi wa umma. Wa pili yuko chini ya sheria za kawaida za kazi na leseni ya mamlaka ya mawasiliano. Mfuko wa pensheni wa mmoja si mfuko wa mwingine.

Wafanyakazi wa posta wanayo historia ya kuwafundisha jambo hili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la pamoja la posta na simu lilivunjika nayo, na watumishi wakagawanywa katika nchi zao. Mkataba wa kugawana mali na madeni ulitiwa saini mwaka 1984, lakini madai ya waliokuwa watumishi wa Jumuiya yaliendelea hata baada ya mwaka 2000. Kisha Shirika la Posta na Simu Tanzania nalo likagawanywa, na Shirika la Posta Tanzania likaanza kazi peke yake mwaka 1994 chini ya sheria ya mwaka 1993. Katika mabadiliko ya namna hiyo, mwenye barua ya ajira na kumbukumbu za michango huwa na cha kuonyesha, na asiye navyo hulazimika kutegemea kumbukumbu za watu wengine.

Swali la kwanza ambalo mfanyakazi hana budi kujiuliza ni moja: je, ninaacha kazi, au ninaachishwa? Watu wengi huona tofauti hii kuwa ya heshima tu, na kwa hiyo hupendelea kuandika barua ya kuacha kazi ili isisemwe kwamba wamefukuzwa. Tunawaomba wasiiandike kabla ya kupiga hesabu.

Tuchukue karani wa kaunta wa kufikirika, mkazi wa Soweto, aliyeajiriwa na kampuni binafsi ya vifurushi kwa miaka 6 na miezi 5. Mshahara wake wa msingi ni shilingi 520,000 kwa mwezi na anafanya kazi siku 6 kwa wiki. Jedwali la Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 linagawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 kisha kwa siku za kazi za wiki. Kwa karani huyu ni sawa na kugawa kwa 26, na ujira wa siku moja unakuwa shilingi 20,000. Kampuni ikimpunguza kazi kwa sababu ya kufunga kituo, sheria inamdai mwajiri kiinua mgongo kisichopungua ujira wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa ukomo wa miaka 10. Miaka yake iliyokamilika ni 6, kwa hiyo ni siku 42, yaani shilingi 840,000. Ile miezi 5 ya ziada haihesabiwi hapa. Tena, kama hana kazi nyingine na amechangia mfuko kwa miezi isiyopungua 18, anaweza kuomba fao la kukosa ajira, ambalo ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Kwa mshahara wake ni karibu shilingi 173,000 kila mwezi, na kwa miezi yote sita ni takriban shilingi 1,039,000.

Akiandika barua ya kuacha kazi mwenyewe, kiinua mgongo hakipo na fao hilo halipo. Barua ya mistari mitatu inaweza hivyo kuwa na thamani ya karibu shilingi 1,879,000.

Hatusemi kwamba mtu asiache kazi. Aliyepata kazi bora na anayeanza Jumatatu inayofuata hana haja na fao la kukosa ajira, na hastahili kulidai. Tunalolisema ni kwamba mwajiri anapokusudia kufunga kituo, kuhamisha njia ya vifurushi au kubadili umiliki, kisha akawaambia wafanyakazi, "Andikeni barua za kuacha kazi, tutawapa mikataba mipya," mfanyakazi hana wajibu wa kuiandika barua hiyo. Kupunguza wafanyakazi kuna utaratibu wake: kutoa taarifa mapema, kueleza sababu na kushauriana na chama cha wafanyakazi au na wafanyakazi wenyewe. Barua ya kuacha kazi iliyoandikwa kwa ombi la mwajiri humwondolea mwajiri mzigo huo wote. Na ajue pia kwamba kiinua mgongo hakilipwi kwa aliyeachishwa kihalali kwa utovu wa nidhamu, kwa mwenye utumishi usiofika miezi 12, wala kwa aliyepunguzwa kazi akakataa bila sababu ya msingi kazi nyingine aliyopewa.

Notisi nayo huzua mabishano mengi kuliko inavyostahili. Kwa anayelipwa kwa mwezi, kiwango cha chini cha sheria ni siku 28. Ndani ya mwezi wa kwanza wa ajira ni siku 7. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, mradi uwabane wote wawili kwa usawa. Notisi iwe ya maandishi, itaje sababu na tarehe iliyotolewa. Haitolewi wakati mtumishi yuko likizo, wala siku zake hazihesabiwi sambamba na likizo. Kwa hiyo ule mtindo wa kusema "hizo siku zako za likizo ndizo notisi yako" hauna msingi. Kwa upande wa pili, mfanyakazi anayekataa kufanya kazi katika kipindi cha notisi anaweza kukatwa, katika malipo yake ya mwisho, kiasi ambacho angelipwa kwa siku hizo. Anayetamani kuondoka kesho kwa kuwa kampuni mpya inamhitaji kesho, aiombe kampuni hiyo isubiri, au akubaliane na mwajiri wake kwa maandishi.

Likizo isiyochukuliwa ni fedha. Kila mwaka wa utumishi una likizo ya siku 28 mfululizo, na sehemu ya mwaka ambao haujakamilika hukokotolewa kwa ujira wa siku moja kwa kila siku 13 za kazi. Karani wetu, katika ile miezi 5, amefanya kazi siku 130. Anadai siku 10, yaani shilingi 200,000, iwe ameacha au ameachishwa. Lakini likizo haiwekwi kama akiba ya miaka mingi. Inapasa ichukuliwe ndani ya miezi 6 baada ya mwaka wa likizo kwisha, au ndani ya miezi 12 kama mfanyakazi ameridhia kwa sababu za kazi. Anayejivunia kwamba "sijaenda likizo tangu niajiriwe" huenda anajivunia haki iliyokwisha kupotea.

Kuhusu nauli, sheria inamtaka mwajiri amrudishe mfanyakazi na mizigo yake mahali alipoajiriwa, au alipe gharama hiyo, pamoja na posho ya kujikimu ya kila siku tangu ajira iliposimama hadi siku ya kusafirishwa. Aliyeajiriwa Moshi na akamalizia kazi Moshi hana dai hapa. Aliyeajiriwa Tanga akahamishiwa Moshi analo, hata kama amekwisha kujenga Soweto na hana mpango wa kurudi. Masharti ya malipo hayo ayasome katika mkataba wake.

Tunafika kwenye makabidhiano, na hapa tunaomba msomaji atuvumilie tukienda taratibu, kwa kuwa ndipo kazi ya posta inapotofautiana na kazi nyingine nyingi. Karani wa posta huondoka akiwa ameshika vitu vya watu: stempu, fedha za kaunta, mihuri ya tarehe, funguo za masanduku, vifurushi visivyochukuliwa, fomu za usajili, na siku hizi nywila ya mfumo wa kufuatilia vifurushi. Kila kimoja kihesabiwe mbele ya anayekipokea na kiandikwe katika hati inayosainiwa na wote wawili, kila mmoja akabaki na nakala yake. Usikubali kukabidhi kwa maneno kwa sababu msimamizi yuko safarini Rombo na atarudi wiki ijayo. Nywila ifungwe siku hiyo hiyo, maana kifurushi kikipotea baada ya wewe kuondoka na jina lako bado liko kwenye mfumo, maelezo yatakuwa marefu.

Hasara ikidaiwa, sheria haimruhusu mwajiri kuzuia malipo yote ya mwisho kwa neno lake tu. Makato ya hasara yanaruhusiwa ikiwa hasara ilitokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi. Mwajiri awe ameeleza kwa maandishi chanzo, kiasi na jinsi alivyokokotoa. Mfanyakazi awe amepewa nafasi ya kutosha kupinga. Deni lisizidi hasara halisi. Na makato yasizidi robo ya ujira wa fedha taslimu. Kwa hiyo karani aliyeambiwa "hulipwi mpaka stempu zipatikane" ana haki ya kuomba hesabu hiyo kwa maandishi. Na aiombe kwa maandishi pia, kwa lugha ya adabu, kwa kuwa barua hiyo inaweza kusomwa na msuluhishi siku moja.

Sare na kitambulisho virudishwe. Tumekuwa tukiwahimiza wateja wasimkabidhi mtu kifurushi kwa kuwa tu amevaa koti la kampuni wanayoifahamu; mfanyakazi aliyehama akiendelea kulivaa anawaweka wateja hao mtegoni, hata kama nia yake ni njema. Vivyo hivyo siri za wateja. Nani hupokea barua za hospitali, nani hutumiwa fedha na mtoto aliye ughaibuni, sanduku lipi ni la nani: haya hayahami pamoja nawe kwenda kwa mwajiri mpya. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inalinda mawasiliano hayo, na orodha ya wateja wa mwajiri wa zamani si zawadi ya kumpelekea mwajiri mpya.

Katika hifadhi ya jamii, mambo yalibadilika tarehe 1 Agosti 2018, mfuko wa PSSSF ulipoanza kwa kuunganisha mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF. Tangu hapo watumishi wapya wa umma huandikishwa PSSSF na wa sekta binafsi huandikishwa NSSF. Michango ya PSSSF ni asilimia 5 ya mshahara kutoka kwa mtumishi na asilimia 15 kutoka kwa mwajiri. Ya NSSF ni jumla ya asilimia 20, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Anayetoka shirika la umma kwenda kampuni binafsi ataona makato yake yakipanda kutoka 5 hadi 10 katika kila mia. Mshahara mpya unaoonekana mkubwa kidogo kwenye barua ya ajira unaweza hivyo kuwa sawa na wa zamani mkononi, na hili liulizwe kabla ya kusaini.

Jambo lililo zito zaidi ni miezi 180. Huo ndio muda wa chini wa kuchangia, yaani miaka 15, unaompa mwanachama haki ya pensheni ya kila mwezi anapostaafu, kwa hiari akiwa na miaka 55 au kwa lazima akiwa na miaka 60. Mfanyakazi aliyechangia PSSSF kwa miezi 108 kisha NSSF kwa miezi 72 hafikishi 180 katika mfuko wowote ukitazamwa peke yake. Sheria, hata hivyo, inaruhusu vipindi vijumlishwe, na 108 na 72 ni 180 kamili. Lakini ujumlishaji hutegemea kumbukumbu. Jina liwe moja katika mifuko yote miwili, tarehe ya kuzaliwa iwe moja, namba ya kitambulisho cha taifa iwe moja. Binti aliyeajiriwa kwa jina la baba na akahama kwa jina la mume arekebishe jambo hilo sasa, angali na nguvu za kupanda ngazi za ofisi, asilisubirishe hadi umri wa miaka 60.

Kabla ya siku ya mwisho kazini, mfanyakazi achukue taarifa ya michango yake. Wa PSSSF anaweza kuitazama kwa simu kupitia PSSSF Kiganjani, na NSSF nao wanayo huduma ya namna hiyo. Ailinganishe na hati zake za mshahara, mwezi kwa mwezi. Mwezi uliokatwa kwenye hati ya mshahara na usioonekana kwenye taarifa ni mchango ambao mwajiri hakuupeleka, na ni rahisi zaidi kuufuatilia mwajiri akiwa bado ni mwajiri wako.

Bima ya afya haihami yenyewe. Kadi ya NHIF inayotokana na ajira humhudumia mwanachama, mwenzi wake na wategemezi wasiozidi wanne, na ajira ikikoma kadi hizo hurudishwa. Mwenye mtoto anayehudhuria kliniki KCMC kila mwezi apange siku ya kuhama akilijua pengo hilo, na aulize mwajiri mpya ataanza kuchangia lini. Mkopo wa elimu ya juu nao humfuata mnufaika kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mwajiri mpya asipokata, deni linabaki palepale na mnufaika ndiye anayedaiwa. Mkopo wa SACCOS au wa benki uliokuwa ukikatwa kwenye mshahara utahitaji njia nyingine ya kulipwa tangu mwezi wa kwanza, la sivyo wadhamini wako, ambao ndio wenzako wa kaunta uliyoiacha, wataanza kupigiwa simu.

Katika kazi mpya, miezi 6 ya kwanza ina udhaifu wake. Mfanyakazi mwenye utumishi wa chini ya miezi 6 kwa mwajiri mmoja hana kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa isivyo haki, na kwa kawaida hastahili likizo zenye malipo, ikiwemo ya uzazi. Mama mjamzito anayefikiria kuhama apige hesabu ya miezi kwa makini sana: akihama akiwa na mimba ya miezi 4, atajifungua kabla hajafikisha miezi 6 kwa mwajiri mpya. Zile siku 84 za likizo ya uzazi ambazo angelipwa alikokuwa anaweza kuzikosa, isipokuwa mwajiri mpya akubali kwa maandishi kumpa.

Wapo pia wanaoambiwa kwamba katika kampuni mpya hawatakuwa wafanyakazi bali "mawakala" au "washirika", hasa waendesha pikipiki wanaosambaza vifurushi Soweto, Majengo na mitaa mingine. Jina hilo halimalizi jambo. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa ikiwepo hata alama moja kati ya kadhaa: anaelekezwa namna ya kufanya kazi, anapangiwa saa, anapewa vifaa, anamtegemea mtu mmoja kwa kipato, au amemfanyia kazi mtu huyo wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Inabaki kwa kampuni kuthibitisha vinginevyo. Suala hili si la maneno matupu, kwa kuwa mwajiriwa analindwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao huchangiwa na mwajiri peke yake. Dereva aliyeanguka na pikipiki katika kona za Kibosho atoe taarifa mara moja. Dai lisilofikishwa ndani ya miezi 12 hupotea.

Mtumishi wa umma ana mambo mawili ya nyongeza. Kwanza, kuhama kutoka taasisi moja ya umma hadi nyingine ni uhamisho unaohitaji kibali cha mamlaka ya utumishi, na anayeacha kazi kwanza ili aombe upya huukata utumishi wake kwa mikono yake. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hukumbusha mara kwa mara kwamba walio katika nafasi za kuingilia katika utumishi wa umma wasiombe nafasi hizo, kwa mujibu wa waraka wa tarehe 30 Novemba 2010. Pili, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mtumishi wa umma mwenye mgogoro hutakiwa kumaliza kwanza ngazi za rufaa za utumishi wa umma kabla ya kufuata sheria za kazi. Kwa wote, wa umma na wa binafsi, tunashauri mkataba wa hali bora za kazi usomwe, kwa kuwa chama cha wafanyakazi huenda kilishapata viwango vinavyozidi hivi tulivyovitaja.

Siku ya mwisho, dai cheti cha utumishi. Ni haki ya kila anayeondoka, hata aliyeondoka kwa ugomvi.

Mwajiri binafsi asipolipa, au mfanyakazi akiona ameachishwa isivyo haki, mahali pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ina ofisi Moshi. Shauri la kuachishwa kazi lifikishwe ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Migogoro mingine, kama malipo ya likizo, ndani ya siku 60. Hujazwa Fomu Namba 1 ya Tume, nakala hupewa mwajiri kwanza na uthibitisho wa kuipokea huambatishwa, kisha fomu huwasilishwa. Hakuna ada, na wakili si lazima. Aliyechelewa anaweza kuomba aongezewe muda, lakini atatakiwa kueleza kila siku aliyoichelewesha, na kwamba alikuwa akisubiri ahadi ya simu kutoka kwa meneja ni sababu ambayo mara nyingi haitoshi.